Uaminifu kwa Nani? Neno 'honest' katika Othello na Mtihani wa Kulifasiri

Neno la Kiingereza 'honest' ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Afrika Mashariki hufundishwa mapema, akadhani amekwisha kulimaliza. Huambiwa kuwa maana yake ni 'mwaminifu', pengine 'mkweli', kisha somo likaendelea. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, tangu ile ya Johnson iliyotoka mwaka 1939 hadi ile ya TUKI ya mwaka 1996, hazimsaidii sana kuvuka hapo. Desturi ya kamusi ya lugha mbili ni kupanga visawe kwa safu, kila kimoja kikitengwa na mwenzake kwa mkato, kana kwamba neno ni nyumba ya vyumba vingi na kazi ya msomaji ni kubisha mlango unaofaa. Katika matini nyingi utaratibu huo unatosha. Katika tamthilia ya Othello hautoshi hata kidogo, kwa sababu humo milango yote hufunguliwa kwa pamoja, na mtu mmoja, Iago, anajua kupita kutoka chumba hadi chumba bila ya wenzake kusikia hatua zake.

Mhakiki aliyelichunguza jambo hili kwa kina kuliko wengi ni Mwingereza William Empson, ambaye kitabu chake The Structure of Complex Words kilichapishwa mwaka 1951 kikiwa na sura nzima kuhusu neno hili katika tamthilia hii. Empson alihesabu mara 52 ambapo 'honest' na nomino yake 'honesty' hutokea, akashikilia kuwa hakuna tamthilia nyingine ya Shakespeare ambamo neno moja linasumbuliwa kiasi hicho. Hesabu peke yake, bila shaka, haithibitishi kitu. Viunganishi hutokea mara nyingi zaidi na hakuna anayeviandikia sura. Kinachoipa hesabu hiyo uzito ni hali ya neno lenyewe katika miaka ile. Othello iliigizwa katika jumba la kifalme la Whitehall tarehe 1 Novemba 1604, wakati neno hili lilipokuwa safarini. Lilikuwa limetoka katika Kilatini 'honestus', yaani mwenye kuheshimiwa, likaingia Kiingereza kwa kupitia Kifaransa, na maana yake ya kale ilihusu hadhi ya mtu mbele ya watu wala si ukweli wa maneno yake. Likatoa mkondo mmoja kwa wanawake, ambao ulikuwa usafi wa mwili, na mwingine kwa wanaume, ambao ulikuwa kutoiba, kutosema uwongo, kutimiza ahadi. Pembeni kabisa, katika soga za watu wanaokunywa pamoja, lilianza kumtaja mtu mchangamfu asiye na maringo, anayekiri tamaa zake bila haya na kuwavumilia wenzake tamaa zao.

Maana hii ya mwisho ndiyo iliyomvutia Empson zaidi, na kwa sababu nzuri. Iago anapoitwa 'honest' na Cassio usiku ule wa ulevi katika kisiwa cha Kipro, hasifiwi kwa kutunza fedha za watu. Anasifiwa kwa kuwa mwenzao, askari wa kawaida anayesema mambo wazi na asiyejitia ucha Mungu. Sifa hiyo ina ukweli wake. Iago kweli hana unafiki wa aina ile ambayo wenzake wanauogopa. Uovu wake uko mahali pengine. Kwa hivyo neno linalomtaja si uwongo mtupu, na hapo ndipo linapokuwa hatari.

Lakini kuna ladha nyingine ndani ya neno hilo ambayo wahakiki wetu hawajaizingatia vya kutosha, japokuwa wangepaswa kuwa wa kwanza kuitambua. 'Honest' ni neno la bwana kwa mtumishi. Aliye juu humwita hivyo aliye chini, na anapomwita hivyo humweka pale pale alipo. Mara ya kwanza neno kutokea katika tamthilia hii ni katika tendo la kwanza, onyesho la kwanza, pale Iago anapowabeza watumishi ambao humtumikia bwana maisha yao yote kama punda kwa malipo ya chakula tu, na wakizeeka hufukuzwa. Watumishi hao ndio anaowaita 'honest', na anasema wanastahili kuchapwa. Kabla ya mhusika yeyote kumsifu Iago kwa neno hili, Iago mwenyewe ameshatuonyesha analichukuliaje. Ni sifa ya mpumbavu. Naye, mbeba bendera aliyeukosa uluteni akapewa Cassio badala yake, atalisikia likirudiwa usiku na mchana kutoka vinywani mwa hao hao waliompita.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda Uingereza ya karne ya 17 ili kuhisi uchungu huo. Barua ambazo mabwana wa kikoloni waliwaandikia wapishi na watumishi wa nyumbani, ambazo mtumishi alizibeba kutoka mlango mmoja hadi mwingine akitafuta kazi, zilijaa neno hili. Mpishi fulani ni mwaminifu, ni msafi, hanywi pombe. Hakuna aliyemwandikia gavana barua ya namna hiyo. Sifa yenyewe inafichua kuwa mwandishi alitarajia kinyume chake, na kwamba ana mamlaka ya kuiondoa sifa hiyo siku atakapokosa kijiko. Neno 'mwaminifu' la Kiswahili limebeba ladha hiyo hadi leo katika matangazo ya kutafuta walinzi na yaya. Kwa upande huu, basi, Kiswahili hakina upungufu wowote mbele ya 'honest', na mfasiri akilitumia 'mwaminifu' kwa Iago atakuwa ameipata dharau iliyofichwa pamoja na sifa iliyo wazi.

Kiini cha tamthilia ni tendo la tatu, onyesho la tatu. Othello anamuuliza Iago kama Cassio ni 'honest'. Iago hajibu, anamrudishia neno lile lile kama swali. Hana ushahidi wowote mkononi wakati huo, hata kile kitambaa hakijaokotwa. Anachofanya ni kulitenga neno, kulining'iniza hewani peke yake, hadi Othello aanze kulisikia upya na kujiuliza lina nini ndani. Othello aliuliza juu ya uungwana wa luteni wake. Anaporudishiwa neno anasikia maana nyingine, ile ya kitandani, maana ambayo kwa kawaida huulizwa juu ya mke. Hakuna aliyemtaja Desdemona katika jibu hilo, lakini ameshaingizwa. Iago amelipitisha shtaka zima ndani ya neno moja, na hakusema uwongo wowote unaoweza kushikwa. Mtu huyo huyo, saa chache kabla, alimwambia Cassio kuwa sifa njema ni kitu cha bure kinachopatikana bila kustahili. Sasa anamwambia Othello kuwa jina jema ndiyo johari ya nafsi ya mtu. Wahakiki hupenda kuziweka kauli hizi mbili pamoja kama ushahidi wa unafiki wake. Pengine yafaa zaidi kuziona kama matumizi ya pande mbili za neno moja la kale, kwani 'honestus' ya Kilatini ilikuwa ni sifa iliyoko machoni mwa watu, na ni Iago pekee ambaye hajasahau kuwa kilichoko machoni mwa watu kinaweza kutengenezwa.

Kwa wanawake hali ni nyingine. Desdemona anapomwambia mumewe, katika tendo la nne, kuwa anatumaini bwana wake anamwona 'honest', hana nafasi ya kuchagua maana. Neno limebanwa. Emilia anaweka roho yake rehani kwamba bibi yake ni 'honest', naye pia ana maana hiyo moja tu. Bianca, ambaye Emilia anamtukana kuwa kahaba, anajibu kuwa maisha yake ni 'honest' sawa na ya huyo anayemtukana. Wanaume wa tamthilia hii wana neno pana la kujinafasi. Wanawake wamepewa pembe yake moja, tena pembe ambayo haithibitishiki. Askari anaweza kuonyesha ushujaa wake, mtunza hazina anaweza kuonyesha daftari lake, lakini mwanamke atautoa wapi ushahidi wa jambo ambalo halikutendeka? Othello anadai uthibitisho wa macho, na hakuna jicho linaloweza kuona kutokuwepo. Sura ya Empson inayagusa haya, lakini mizani yake inamwelemea Iago, na msomaji huimaliza akiwa amejua mengi juu ya mlaghai na machache juu ya waliolaghaiwa.

Jambo moja Empson angeweza kulifuata mbali zaidi. Desdemona ndiye mhusika msafi kuliko wote kwa maana ya kike ya neno, ilhali kwa maana ya kusema kweli anateleza mara tatu. Alimficha baba yake ndoa yake. Alipoulizwa na mumewe kuhusu kitambaa alisema hakijapotea, na kilikuwa kimepotea. Na alipokuwa akikata roho, Emilia alipomuuliza ni nani aliyemtenda hivyo, alisema ni yeye mwenyewe. Othello anaidaka kauli hiyo ya mwisho kama hoja: kafa na uwongo mdomoni. Hapo mikondo miwili ya neno inagongana hadharani. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na neno moja kwa usafi na kwa ukweli, na anayefikiri kwa neno hilo ni rahisi kudhani kuwa mwenye kukosa kimoja amekosa na cha pili. Brabantio alishaipanda mbegu hiyo mapema, alipomwonya Othello kuwa aliyemdanganya baba anaweza kumdanganya na mume, na Iago akaimwagilia maji. Mantiki yake ni mbovu, lakini ubovu huo umo ndani ya msamiati wao wote.

Mjadala mkongwe kuhusu tamthilia hii umesimama baina ya A. C. Bradley, ambaye mwaka 1904 alimwona Othello kama shujaa mwadilifu aliyeangushwa na werevu usio wa kawaida, na F. R. Leavis, ambaye mwaka 1937 alidai kuwa kasoro imo ndani ya Othello mwenyewe, katika majivuno yake, na Iago ni kichocheo tu. Kila upande una ushahidi wake na walimu wetu wamezoea kuwapa wanafunzi pande zote mbili wachague. Uchunguzi wa neno unaonyesha kuwa uchaguzi huo si wa lazima. Uharibifu hauko katika nafsi ya mtu mmoja pekee. Othello, Cassio, Desdemona, wote wanalitumia neno lile lile kwa Iago, wote kwa nia njema, wote bila kuuliza. Desdemona mwenyewe anamwita hivyo mwanzoni mwa onyesho lile lile litakalomwangamiza. Lawama ya Leavis kwamba Othello alikuwa mwepesi wa kuamini ingewahusu basi watu wote wa Venisi, na lawama inayowahusu watu wote haielezi tena kasoro ya mmoja.

Hapa ndipo suala la Kiswahili linapoingia, na haliingii kama pambo. Tangu Julius Nyerere alipoifasiri Julius Caesar mwaka 1963 na kuirekebisha kuwa Juliasi Kaizari mwaka 1969, na S. S. Mushi alipotoa Makbeth mwaka 1968, kazi za Shakespeare zimekuwa sehemu ya mjadala wetu juu ya uwezo wa lugha hii. Mjadala huo umeelekea mno upande wa msamiati: je, Kiswahili kina neno la hili, kina neno la lile? Nyerere mwenyewe alionyesha kuwa swali linaweza kuulizwa vingine. Alipomgeuza yule mfanyabiashara mmoja wa anwani ya Kiingereza kuwa 'mabepari' wengi katika Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alichukua neno ambalo asili yake ni 'mchuuzi' katika Kigujarati na ambalo siasa ya wakati ule ilikuwa imelipa maana ya mnyonyaji. Wengine walilalamika kuwa amemfasiri Shakespeare vibaya. Yamkini, lakini alidhihirisha kwamba neno la Kiswahili nalo lina historia, lina tabaka, lina pande mbili, na kwamba mfasiri anaweza kuufanyisha kazi utata wa lugha yake badala ya kuuonea haya.

Mtu akiifikiria Othello kwa Kiswahili, njia iliyo rahisi ni ile ya kamusi: 'mkweli' mahali pa ukweli, 'mwaminifu' mahali pa utumishi, 'mnyofu' mahali pa tabia, 'safi' au 'mwenye kujihifadhi' mahali pa wanawake. Kila sentensi itakuwa sahihi na tamthilia itakuwa imekufa. Othello akiuliza kama Cassio ni mnyofu na baadaye kama mkewe ni safi, hayo ni maswali mawili yasiyojuana, na Iago hana daraja la kuvukia kutoka la kwanza hadi la pili. Itabidi amtaje Desdemona waziwazi, na hapo Othello angekuwa na haki ya kumkamata koo mapema zaidi. Kanuni hii haiihusu Othello pekee. Hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaizari hutegemea sifa moja ya heshima inayorudiwa hadi inageuka tusi. Mfasiri anayebadilisha neno kwa ajili ya kuepuka marudio huondoa kisu chenyewe.

Lazima basi lichaguliwe neno moja. 'Mnyofu' lina uzuri wake, kwani halihitaji kijalizo na linamfaa askari. Lakini hakuna anayemshuku mkewe kwa kusema si mnyofu. 'Muungwana' linavutia zaidi. Historia yake inafanana ajabu na ile ya 'honestus': lilitaja hadhi kwanza, mtu huru asiye mtumwa, kisha likahamia kwenye mwenendo, hata leo twasema mtu amefanya jambo la kiungwana bila kuuliza babu yake alikuwa nani. Hata hivyo linapandisha badala ya kushusha. Othello akimwita mbeba bendera wake 'muungwana' atakuwa amempa kile kile ambacho Iago anakililia, na chuki itakosa mafuta. Tena neno hilo lingemchoma Othello mwenyewe, mtu anayejinadi kuwa wa damu ya kifalme na ambaye amesimulia mbele ya wazee wa Venisi jinsi alivyouzwa utumwani akakombolewa. Hiyo ingekuwa tamthilia nyingine, huenda nzuri, lakini si hii.

Linabaki 'mwaminifu', lile lile la mwanafunzi wa shule. Kumbe halikuwa rahisi kama lilivyodhaniwa.

Kwanza umbo lake. Kiambishi tamati -fu, pamoja na -vu, hutoa sifa za wenye mazoea ya kutenda: mtiifu ni mwenye kutii, mdanganyifu ni mwenye kudanganya, msahaulifu ni mwenye kusahau, msikivu ni mwenye kusikia. Kwa kanuni hiyo mwaminifu angekuwa mwenye kuamini. Matumizi yamemgeuza kuwa mwenye kuaminika. Maana ya umbo haijafa kabisa. Makanisani 'waaminifu' ni wale wanaoamini, na hakuna anayeshangaa. Neno moja la Kiswahili, kwa hiyo, limewakusanya mwenye kutoa imani na mwenye kupewa. Iago anasema mapema kuwa Mmori ana tabia ya wazi, huwadhania watu wema kwa kuwa wanaonekana hivyo. Kwa umbo la neno, mwaminifu wa tamthilia hii ni Othello. Kwa matumizi, ni Iago anayeitwa hivyo. Kiingereza hakikuwa na njia ya kuyasema haya mawili kwa shina moja, kwani 'honest' halina undugu wowote na kitenzi cha kuamini. Shakespeare alilazimika kuujenga uhusiano huo kwa vitendo vya jukwaani. Kiswahili kinao tayari ndani ya mofolojia.

Pili ni jamaa za neno. Amini, imani, amana, amani, uaminifu: yote ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu, na msikilizaji wa Pwani huzisikia zikiitikiana bila kufundishwa. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze na kukirudisha. Katika tendo la kwanza Othello, akiitwa aende vitani, anamkabidhi Iago mkewe amsafirishe hadi Kipro, na sababu anayomtolea mtawala ni kwamba mtu huyu ni 'honest'. Kwa Kiingereza tukio hilo hupita haraka. Wahariri wengi hawalitolei hata tanbihi. Kwa Kiswahili halipiti. Mwaminifu amepewa amana. Kitambaa nacho ni amana, kwani Othello alikipokea kutoka kwa mama yake akakikabidhi kwa mkewe. (Mfasiri wa Kenya ataandika 'kitambaa' hata kama 'leso', kwa asili yake ya Kireno, ndilo neno lenyewe, leo leso ya Mombasa hujifungwa kiunoni, na hadhira ingecheka mahali pasipofaa.) Amana mbili, mke na kitambaa, na zote mbili zinaishia mikononi mwa mtu mmoja. Mpangilio huo umo katika Shakespeare, lakini ni Kiswahili kinachoutamka.

Tatu, na ndilo jambo zito zaidi, uaminifu humtaka msemaji ataje mtu wa pili. Mtu anaweza kuwa 'honest' peke yake, kama anavyoweza kuwa mrefu. Hawezi kuwa mwaminifu peke yake. Huwa mwaminifu kwa fulani. Sentensi inaweza kuukata mwisho wake, na mara nyingi huukata, lakini nafasi ya 'kwa' hubaki wazi na msikilizaji huijaza. Fasihi yetu ya kale iliuchukua uwili huu kwa uzito. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, hakumwelezea mwanamke mwema kwa sifa zinazoelea. Alimtajia watano ambao radhi yao inahitajika, yaani Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Wema una anwani. Mtu anaweza kuupinga mfumo huo kwa jinsi unavyomfunga mwanamke, na wahakiki wa siku hizi wameupinga kwa hoja zenye nguvu, lakini hakuna anayeweza kuulaumu kwa kutojua swali ni lipi.

Desdemona anasimama hasa pale ambapo wawili kati ya watano hao wanagombana. Mbele ya wazee wa Venisi anasema kuwa wajibu wake umegawanyika, na kwamba kama mama yake alivyomtanguliza mume mbele ya baba, naye anamtanguliza Mmori. Alimficha baba jambo kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwa wa mume. Uwongo wake wa kufani, wa kujitwisha mauaji yake mwenyewe, ni uaminifu kwa mume uliofika mwisho wa uwezo wa binadamu. Katika Kiingereza mambo haya ni nyufa katika 'honesty' yake, na wahakiki wametumia wino mwingi kumtetea. Katika Kiswahili hayahitaji utetezi. Hakuwa mkweli, alikuwa mwaminifu, na kila msikilizaji anajua kuwa mambo hayo mawili hutengana.

Hapo hutokea pingamizi la kweli dhidi ya neno hili. Iwapo 'mwaminifu' hudai 'kwa nani', je, Othello wa Kiswahili hataonekana mpumbavu kwa kutouliza? Hadhira ya London mwaka 1604 ilighafilishwa na neno pamoja na shujaa. Hadhira ya Nairobi au Lamu itakuwa inamnong'oneza jibu kutoka vitini. Iago ni mwaminifu kwa Iago. Pingamizi hilo halipaswi kufutwa kwa maneno matamu. Upo upotevu hapa, na mfasiri mwangalifu ataupunguza kwa kuliacha neno bila kijalizo kila linapomhusu Iago, hata pale ambapo sarufi ya kawaida ingekitaka, ili hadhira nayo izoee kulisikia likiwa limekatwa mkia. Lakini si kila mshangao ni wa lazima. Hadhira inayojua kabla ya shujaa imezoeleka katika misiba tangu Wayunani, na Shakespeare mwenyewe alimweka Iago mbele ya watazamaji akiwaeleza mipango yake wazi.

Kwa Bianca neno hili linafanya kitu ambacho la Kiingereza haliwezi. Dai lake la kuwa 'honest' huchukuliwa na wengi kama kichekesho kidogo katikati ya giza la tendo la tano, kahaba anayejitia mke wa mtu. Akisema kwa Kiswahili kuwa ni mwaminifu, dai linapimika, na likipimwa ni kweli. Amekuja kumtafuta Cassio, ameumia kwa ajili ya Cassio, na Cassio anapolala chini akivuja damu ni yeye anayemlilia hadi anashukiwa kwa kilio chake. Emilia anayemtukana ndiye aliyeiba kitambaa.

Pahali pagumu kuliko pote ni baada ya mauaji, Othello anaponyang'anywa upanga na kuuliza kwa nini 'honour' iishi baada ya 'honesty'. Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja katika Kilatini, na pigo la kauli hiyo limo katika undugu wao. 'Heshima' na 'uaminifu' si ndugu. Hakuna hila ya kulificha pengo hilo, na 'heshima' na 'staha' zingeleta tu ulinganifu wa sauti bila ya maana. Kinachobaki ni kwamba Othello, kwa Kiswahili, angekuwa anauliza kwa nini macho ya watu yabaki naye wakati amana imekwisha kupotea, na swali hilo linaeleweka.

Emilia ni suala jingine. Yeye ndiye pekee katika tamthilia nzima anayekibadilisha kijalizo cha uaminifu wake mbele ya hadhira. Kitambaa alikitoa ili kumridhisha mumewe. Alikuwa mwaminifu kwa huyo. Katika onyesho la mwisho Iago anamwamuru anyamaze arudi nyumbani, naye anakiri kuwa mke hupaswa kumtii mume, ila si sasa. Kabla ya hapo, Othello alipomwambia kuwa habari zote zilitoka kwa mumewe, alirudia maneno 'mume wangu' tena na tena kama asiyesikia vizuri, na Othello akachoka na marudio hayo, akamjibu kwa kulitaja tena jina la Iago pamoja na sifa yake ileile. Mfasiri atakayefika pahali hapo akiwa ametumia neno moja tangu mwanzo hatakuwa na cha kuongeza. Emilia ataulizia mume wake, Othello atajibu 'mwaminifu', na 'kwa nani' itakuwa imeshajibiwa na maiti iliyo kitandani.